Battir: kijiji kimoja chini ya ramani nne

Mwambie mtu kwamba kuna kijiji cha Wapalestina chenye nyumba nyingi upande mmoja wa Mstari wa Kijani na sehemu ya mashamba upande wa pili, ndani ya Israeli, na kwamba baada ya vita vya 1948 wenye mashamba waliruhusiwa rasmi kuvuka na kuyalima. Atakuuliza kama umesikia vizuri. Habari za Palestina tunazozipata kwa Kiswahili nyingi ni za Gaza na mabomu, na zile chache za Ukingo wa Magharibi zimejaa maneno yanayopita haraka: Eneo C, walowezi, ukuta, mipaka ya 1967. Msikilizaji anabaki na picha ya majirani wawili wanaogombea mpaka mmoja. Kumbe shamba moja laweza kuwa chini ya ramani tatu au nne kwa wakati mmoja, kila ramani imechorwa na mtu wake, na kila moja ina ruhusa na makatazo yake.

Kwa hiyo tuiweke kando ramani kubwa kwa muda, tukae kwenye kijiji kimoja kinachoitwa Battir.

Maneno machache kwanza. Ukingo wa Magharibi ni ardhi iliyo magharibi mwa Mto Jordan. Haiungani na Gaza. Kati yao ipo Israeli. Baada ya vita vya 1948 ilitawaliwa na Jordan mpaka Juni 1967, Israeli ilipoiteka. Mstari wa Kijani ni mstari wa kusitisha vita uliochorwa 1949, na jina lake limetokana na rangi iliyotumika kwenye ramani. Walowezi ni raia wa Israeli wanaohamia kuishi ng'ambo ya mstari huo, kwenye ardhi iliyotekwa 1967. Mahakama ya Kimataifa ya Haki na nchi nyingi duniani zinasema makazi yao yanavunja sheria ya kimataifa, Israeli inakataa. Dunamu ni kipimo cha ardhi kilichorithiwa kutoka enzi za Waosmani, na siku hizi dunamu moja ni mita za mraba 1,000, kama robo ekari. A, B na C tutazikuta mbele ya safari.

Bonde, matuta na birika

Battir iko kusini magharibi mwa Yerusalemu, kilomita 6 hivi magharibi ya Bethlehemu, kwenye mteremko wa bonde lenye kina. Mwaka 1945, mwishoni mwa utawala wa Waingereza, ilikuwa na watu kama 1,050 na ardhi ya dunamu 8,000 na ushee. Siku hizi wakazi wanakaribia 5,000. Wembamba wa bonde ndio ulioamua mambo mengi ya kijiji hiki, kama tutakavyoona, kwa sababu reli haikuwa na mahali pengine pa kupita.

Mteremko huo ni mawe matupu, na bila kazi ya mikono mvua za majira ya baridi zingeshusha udongo wote bondeni. Wakulima wa huko wameukata ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikishikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Ukuta wa namna hiyo hupitisha maji na kubakiza udongo, lakini una deni lisilokwisha: mvua ikibomoa mita mbili na zisirudishiwe, mwaka unaofuata zinabomoka mita kumi. Ngazi za juu, zinazotegemea mvua, zina mizeituni na mizabibu. Za chini, karibu na chemchemi, zinamwagiliwa na kulimwa mboga. Bilinganya ya Battir ndiyo yenye sifa kuliko zote, na mtu wa Bethlehemu hakosi la kusema juu yake.

Maji yanatoka kwenye chemchemi iitwayo 'Ain al-Balad, yanakusanywa kwenye birika lililojengwa kwa mawe, kisha yanateremka kwa mifereji hadi mashambani. Msomaji wa Upareni hahitaji kuelezwa zaidi, maana hii ni ndiva: bwawa dogo linalojazwa kwanza ndipo lifunguliwe, na watu wanaoshika zamu. Tofauti iko kwenye namna ya kugawa. Koo kuu za Battir ni nane, na kila ukoo una siku yake moja ya maji. Zamu inamaliza mzunguko kwa siku nane, ndiyo maana watu husema juma la Battir lina siku nane.

Wageni wengi huandika jambo hili kama kichekesho cha kijijini. Hesabu yake ni ya busara. Kama mzunguko ungekuwa wa siku saba, ukoo uliopangiwa Ijumaa ungebaki na Ijumaa milele, siku ya swala na mapumziko, na mwingine ungebaki na siku ya soko. Kwa siku nane, aliyepata maji Ijumaa hii atayapata Jumamosi wiki ijayo, kisha Jumapili, na kadhalika, mpaka kila ukoo upite kwenye kila siku ya juma. Hakuna anayeonewa na kalenda. Ndani ya siku ya ukoo, maji yaliyomo birikani hupimwa kwa kijiti kilichotiwa alama, na kila familia inachukua kiasi chake kufuatana na haki iliyorithi.

Kuna jiwe karibu na chemchemi lenye maandishi ya Kilatini yanayotaja vikosi viwili vya jeshi la Roma, cha Tano na cha Kumi na Moja. Juu ya kijiji yapo magofu ambayo watafiti wengi huyahusisha na Betar, ngome ambako Simon Bar Kokhba, kiongozi wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, alishindwa mwaka 135. Nayataja mapema kwa sababu mabishano mengi ya mtandaoni kuhusu Battir huishia hapo. Mmoja atasema mahali hapa ni pa Wayahudi, tazama Betar. Mwingine atajibu kwamba habari za Betar ni za kutungwa. Wote wawili wanakosea. Kumbukumbu ya Wayahudi juu ya mlima huo ni ya kweli, na watu wanaolima chini yake kwa karne nyingi nao ni wa kweli. Daftari la kodi la Waosmani la mwisho wa karne ya 16 linawataja. Lakini uasi wa mwaka 135 haumwambii hakimu wa leo ngazi ya tatu kutoka birikani ni ya nani.

Reli iliyopita bondeni

Septemba 1892 ilifunguliwa reli ya kutoka bandari ya Yafa kwenda Yerusalemu, yenye urefu wa kilomita 87 hivi, iliyojengwa na kampuni ya Kifaransa kwa kibali cha Waosmani. Ili kupanda milimani, treni ilifuata mabonde, na moja ya mabonde hayo ni la Battir. Kijiji kikapata kituo, cha mwisho kabla ya Yerusalemu.

Kwa mkulima wa mboga hiyo ilikuwa neema. Mboga zilizochumwa asubuhi zilifika soko la mji mkubwa zikiwa mbichi, na wanawake wa Battir wakawa sura za kawaida kwenye soko hilo. Mji huo ulikuwa karibu kuliko ilivyo leo, na hapa sizungumzii kilomita.

Halafu ikaja 1948. Waingereza waliondoka Mei mwaka ule, na vita vilikuwa vimeshaanza. Baada ya mauaji ya Deir Yassin, kijiji kilicho magharibi mwa Yerusalemu, tarehe 9 Aprili, hofu ilitanda katika vijiji vyote vya eneo hilo. Watu walikimbia. Vijiji jirani vya Battir, kama al-Qabu na al-Walaja, vilitekwa na kubaki bila watu mwezi Oktoba, na baadaye sehemu ya watu wa al-Walaja walijenga upya ng'ambo ya bonde, kwenye kipande cha ardhi kilichowabakia. Kwa jumla Wapalestina zaidi ya 700,000 walipoteza makwao katika vita hivyo, tukio wanaloliita Nakba.

Watu wengi wa Battir nao walikimbia. Waliobaki walikuwa wachache, wakiongozwa na Hasan Mustafa, msomi wa kijijini hapo. Simulizi wanayoishika sana wanakijiji ni hii: kikundi hicho kilizunguka usiku kuwasha taa katika nyumba zilizo tupu, asubuhi kikaanika nguo kwenye kamba, kikawasha majiko moshi uonekane, ili askari walio ng'ambo ya bonde waamini kijiji kimejaa watu. Masimulizi ya namna hii huongezwa chumvi kadiri yanavyopita mdomo kwa mdomo, na hili halina kinga. Jambo lisilobishaniwa ni matokeo: Battir haikutwaliwa, na wenyewe wakarudi.

Mpango wa 1949

Aprili 1949, Israeli na Jordan zilitia saini makubaliano ya kusitisha vita huko Rhodes. Israeli iliitaka reli, kwa sababu ndiyo iliyounganisha Yerusalemu na pwani. Lakini reli ilipita chini kabisa ya nyumba za Battir, na ardhi ya kijiji ilikuwa pande zote mbili za bonde. Kuvuta mstari mahali reli ilipo kulimaanisha kukipasua kijiji. Kuuvuta mbali na reli kulimaanisha kuiacha treni mikononi mwa Jordan.

Mstari ulivutwa kwa namna iliyoipa Israeli reli nzima. Takriban asilimia 30 ya ardhi ya Battir ikaangukia upande wa Israeli. Ila makubaliano yalikuwa na kifungu kilichosema kwamba pale mstari unapogusa vijiji, wakazi wataendelea kuwa na haki zao za makazi, mali na uhuru. Katika vijiji vingi kifungu hicho kilibaki karatasini. Huko Battir kifungu kilifanya kazi, kwa sharti ambalo kila upande ulilielewa: wanakijiji wahakikishe treni haidhuriwi, nao waachwe wavuke kwenda mashambani kwao. Hivyo, katika miaka ambayo mstari huo ulikuwa na waya na risasi kwa Wapalestina wengine, watu wa Battir walikuwa wakiuvuka na jembe begani.

Hapa ndipo ilipo dhana potofu ya kwanza ninayotaka kuiondoa. Wengi huuita Mstari wa Kijani mpaka wa nchi mbili. Makubaliano yenyewe ya 1949 yanasema mistari hiyo haiathiri suluhu ya mwisho. Ulikuwa mstari wa majeshi kusimama. Dunia iliendelea kuutumia kama kipimo kwa kuwa hakuna kingine kilichokubaliwa, na ndiyo maana unasikia "mipaka ya 1967": ni mstari huohuo wa 1949, ukiitwa kwa tarehe ya usiku wa mwisho kabla haujavukwa na vifaru.

Dhana ya pili ni kwamba reli ilikiokoa kijiji. Nusu ni kweli. Treni iliipa Israeli sababu ya kutaka utulivu bondeni, lakini hiyohiyo ilichukua kituo na soko. Baada ya 1949 ilipita bila kusimama. Njia ya Yerusalemu ikafungwa, na bilinganya zikaelekea Bethlehemu.

Oslo na herufi tatu

Baada ya 1967 pande zote mbili za bonde zikawa chini ya jeshi moja, na kwa miaka mingi mstari ule ukafifia katika maisha ya kila siku. Uliorudi kuigawa ardhi ulikuwa mchoro mpya. Makubaliano ya Oslo ya pili kati ya Israeli na uongozi wa Wapalestina, ya Septemba 1995, yaliukata Ukingo wa Magharibi katika maeneo ya aina tatu. Eneo A, ambamo Mamlaka ya Palestina, yaani serikali ya ndani ya Wapalestina, ingeshika utawala wa kiraia na usalama. Eneo B, ambamo Mamlaka inashika shule, afya na mambo ya kiraia, na Israeli inabaki na usalama. Eneo C, ambamo Israeli inashika usalama pamoja na upangaji na vibali vya ujenzi. Ulikuwa mpango wa muda wa miaka mitano. Bado upo, na C ni kama asilimia 60 ya Ukingo wote.

Kwa Battir, nyumba nyingi zilizokuwapo ziliingia B. Ardhi iliyobaki, takriban robo tatu ya ardhi ya kijiji, ikawa C. Maana yake ni nyepesi kueleza na nzito kuishi: kijana anayetaka kujenga kwenye shamba la babu yake anaomba kibali kwa ofisi ya jeshi la Israeli, na vibali vya Wapalestina katika Eneo C hutolewa kwa nadra sana. Akijenga bila kibali, nyumba inaweza kubomolewa. Kwa hiyo kijiji kinajazana ndani ya B huku ardhi yake ikionekana wazi kwa macho.

Jambo linalofuata ndilo linaloeleza kwa nini mzee wa Battir anapanda mlima kurudishia mawe mawili. Katika Ukingo wa Magharibi bado inatumika sheria ya ardhi ya Waosmani ya 1858. Kwa ufupi sana, sheria hiyo ilifungamanisha haki ya mtu juu ya aina fulani za ardhi na kuilima. Ardhi isiyolimwa kwa miaka kadhaa iliweza kurudi serikalini. Sultani alitaka kodi, na ardhi iliyolala haikutoa kodi. Israeli imeitumia sheria hiyo, kwa tafsiri yake, kutangaza maeneo makubwa kuwa "ardhi ya serikali," na sehemu kubwa ya makazi ya walowezi imejengwa kwenye ardhi iliyotangazwa hivyo. Ardhi nyingi ya vijiji haikuwahi kuandikishwa kikamilifu, kwa kuwa kazi ya kupima na kusajili ilisimamishwa baada ya 1967. Mkulima asiye na hati kamili anabaki na ushahidi mmoja: mizeituni iliyopogolewa, ukuta uliosimama, udongo uliogeuzwa. Ukisikia kwamba kilimo huko ni siasa, usidhani ni usemi wa jukwaani. Picha za angani zinazoonyesha kama ngazi imelimwa au imelala huwekwa mbele ya mabaraza.

Ukuta, na cheti cha UNESCO

Mwaka 2002 Israeli ilianza kujenga kizuizi, mahali pengine uzio, pengine ukuta wa zege, ikisema ni kuzuia mashambulizi ya kujitoa mhanga. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba sehemu zilizo ndani ya ardhi iliyokaliwa zinavunja sheria. Njia iliyopangwa ilipita Battir kandokando ya reli. Ungejengwa, wakulima wangetengwa na mashamba ya ng'ambo, na misingi yake ingekata mifereji.

Wanakijiji walikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Israeli, wakiungwa mkono na shirika la mazingira lenye Waisraeli, Wapalestina na Wajordan ndani yake. Mwaka 2012 hata mamlaka ya hifadhi ya Israeli iligeuka na kusema ukuta utaharibu mandhari ya kale isiyorudishika. Januari 2015 shauri lilimalizika, na kipande hicho hakikujengwa.

Katikati ya kesi hiyo ndipo UNESCO ilipoingia. Palestina ilikubaliwa kuwa mwanachama Oktoba 2011. Juni 2014, kwenye kikao cha Doha, Battir iliandikishwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia kwa utaratibu wa dharura, pamoja na kuwekwa papo hapo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wataalamu washauri wa UNESCO walikuwa wamependekeza isiandikishwe. Kamati ikaamua vinginevyo. Eneo lenyewe ni hekta 349 hivi, na limezungukwa na ukanda wa kinga.

Watanzania wanaikumbuka Doha kwa sababu nyingine. Kikao hichohicho kiliyatoa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya hatari, na kikaiingiza Selous kwa ajili ya ujangili. Kilwa ilitoka kwa sababu kulikuwa na serikali moja yenye mamlaka juu ya kisiwa, iliyoweza kuambiwa "rekebisheni hiki" ikarekebisha. Kwa Battir, ombi lililetwa na Palestina, wakati sehemu kubwa ya ardhi ya kijiji iko Eneo C, ambako Palestina haitoi kibali cha kuweka hata bomba. Hapo inaanguka dhana ya tatu, kwamba UNESCO hulinda. UNESCO haina askari wala mahakama. Inaandika, inaonya, inapeleka wataalamu wanaporuhusiwa. Ilisaidia kesi ya ukuta kwa kuwa ilimpa wakili karatasi nzito ya kuweka mezani.

Agosti 2024 karatasi hiyo ilipata mtihani mwingine. Serikali ya Israeli ilitangaza mipaka ya makazi mapya ya walowezi yanayoitwa Nahal Heletz, takriban dunamu 600, upande wa mashariki wa Battir ndani ya eneo la urithi, kwa nia iliyosemwa wazi ya kuunganisha makazi ya Gush Etzion na Yerusalemu. Mwezi mmoja kabla, tarehe 19 Julai, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imetoa maoni kwamba ukaliaji wenyewe si halali na makazi yakome.

Kwenye ramani ya UNESCO, ardhi hiyo ni urithi wa dunia. Kwenye ramani ya 1949, iko upande wa Wapalestina wa Mstari wa Kijani, kwa hiyo kifungu kile cha Rhodes kuhusu mashamba ya ng'ambo hakiigusi. Kwenye ramani ya koo nane, ina wenyewe. Kwenye ramani ya Oslo ni C, na kati ya ramani zote nne, hii ndiyo ambayo tingatinga hufuata.